Mvuvi wa Burudani

Aliyeliweka neno "burudani" kwenye ile sera ya bahari simjui, na sitaki kumjua. Namwona tu kwa mawazo: kakaa kwenye kiyoyozi, chupa ya maji mezani, anatafuta jina la kuwaita watu kama mimi, tunaokwenda baharini na ndoano siku ya mapumziko na hatuuzi tunachopata. Angeweza kutuita wavuvi wa mapumziko. Angeweza kutuita wavuvi wa kitoweo. Hapana, kaona burudani ndiyo yenyewe. Nina hakika mtu huyo hana mke, au anaye na hawasemeshani.

Mimi ni fundi sofa. Kibanda changu kipo Mkuza, nyumba yangu ipo Visiga. Wiki nzima nachana vitambaa, nagonga misumari, nasikiliza wateja wanaotaka sofa ya kifalme kwa bei ya stuli. Ijumaa jioni mikono inauma na kichwa kimejaa maneno ya watu. Kwa hiyo Jumamosi ilikuwa yangu. Alfajiri nilikuwa nawasha pikipiki, naingia barabara ya Mapinga, nafika pwani, natembea mpaka kwenye mwamba mmoja ulioingia majini, natupa mshipi, natulia. Hakuna wa kunipunguzia bei pale.

Wala sikuzaliwa mvuvi. Watu wetu ni wakulima wa huku karibu na Mlandizi, babu yangu alikufa hajui maji ya bahari yana ladha gani. Bahari niliipenda ukubwani, kwa sababu moja tu: lile jambo la samaki kugusa chambo. Umekaa, hujui kitu, mara mshipi unakushtua kidole. Pale moyo unasimama. Kama hujawahi kuvua huwezi kunielewa, na kama umewahi, sina haja ya kueleza.

Nikirudi nyumbani, mke wangu alikuwa anapokea ndoo mlangoni, anafunua kitambaa, anaangalia. Changu wakubwa maana yake nilitulia na bahari ilikuwa nzuri. Tasi wadogo wadogo maana yake maji yalichafuka, na mimi nimekasirika, nisisemeshwe mpaka nioge. Ndoo tupu haikuwahi kutokea, maana hata siku mbaya ilikuwa na kasamaki kake. Anawapara pale uani, anawakaanga, wengine anawatia nazi, sahani moja inakwenda kwa jirani. Katika ndoa yetu yote hakuniuliza hata mara moja Jumamosi nilikuwa wapi. Samaki alikuwa ameshamjibu.

Sasa ikaja hiyo sera.

Walikuja watu wa hifadhi na boti, wakaweka maboya kutoka huku mpaka kule, mwamba wangu ukiwa katikati. Wakafunga turubai ufukweni, wakatuita mkutanoni. Aliyetuelimisha alikuwa kijana mwenye shati la mifuko mingi, kila mfuko umefungwa zipu na ndani hamna kitu. Akasema samaki wanakwisha, mazalia yanaharibika, bahari ni uchumi. Hayo nayakubali. Akasema wavuvi wa kijiji kile, walio kwenye kikundi chao, wana utaratibu wao na miezi yao. Halafu akanifikia mimi.

"Mzee, wewe unavua kwa biashara?"

"Hapana."

"Unaishi hapa?"

"Naishi Visiga."

"Basi wewe ni mvuvi wa burudani."

Watu wakacheka. Akanieleza sharti la mvuvi wa burudani: anakata kadi kila mwaka, anatumia ndoano tu, na kila samaki anayempata anamrudisha akiwa hai.

"Namrudisha wapi?" nikauliza.

"Majini."

"Sasa nilimtoa wa nini?"

"Kwa burudani," akasema, tena kwa upole, anavyosema mtu na mgonjwa.

Nilimuuliza kama samaki naye anaburudika. Akageukia mwingine. Nikabaki nimesimama pale chini ya turubai nikiwaza. Miaka yote ile baruti inalia kule nje mpaka madirisha yanatikisika, sikumwona mtu na boya. Kokoro zilikokota kila kitu, samaki na watoto wa samaki na majani waliyolalia, na hakuna aliyekuja na turubai. Bahari imeshachoka, ndipo anatafutwa mwenye ndoano moja, fundi sofa, arudishe. Nilicheka, lakini si kicheko cha furaha.

Na mngewaona waliofurahia lile sharti. Wanakuja kutoka mjini na boti zao zinazonguruma, miwani usoni, kofia zimefungwa kidevuni. Wanapata samaki, wanamkumbatia, wanapiga picha naye, kuna mmoja nilimwona kwa macho yangu akimbusu samaki mdomoni kabla ya kumwachia. Mtu mzima, ana kitambi. Wale ndio waliokuwa wanapigiwa saluti na kijana wa mifuko. Mimi na pikipiki yangu nilikuwa naulizwa kadi hata kabla sijavua viatu.

Kibaya zaidi, kadri miezi ilivyokwenda sera yenyewe ilifanya kazi. Hili nalisema shingo upande. Samaki walirudi. Walianza kuja wakubwa pale mwambani, changu mwekundu wa kujaza mikono miwili, chewa anayevuta mpaka unajishikiza kwenye jiwe. Sijawahi kuvua vizuri vile maishani mwangu, na sikuruhusiwa kuondoka na hata mmoja.

Mtasema si ningeacha. Au ningekwenda kuvua kwingine. Kwingine ni wapi? Upande mmoja ni tope la mikoko, upande wa pili ni ukuta wa hoteli. Na kuacha sikuweza, maana ule mshtuko wa kidoleni hauulizi kama samaki ataliwa au hataliwa. Nikakata kadi.

Jumamosi ya kwanza nilirudi na ndoo tupu. Mke wangu akafunua kitambaa.

"Leo umekosa?"

"Nimepata. Changu mkubwa hivi, na kolekole."

"Wako wapi?"

"Nimewarudisha."

"Umewarudishia nani?"

"Bahari."

Akanitazama. Akaitazama tena ndoo, akaipindua kabisa, utadhani kuna samaki aliyejibanza chini.

"Sawa, baba watoto," akasema, akaenda kukaanga mayai.

Ile "sawa" nilipaswa kuiogopa. Sikuiogopa, nikala mayai yangu nikalala. Ikaja Jumamosi ya pili, na nyingine, na nyingine. Kila mara hadithi ile ile: nimepata, nimerudisha. Tuambizane ukweli, huku kwetu nani amewahi kuisikia habari hiyo? Mwanamume anaondoka alfajiri, anashinda pwani siku nzima, anarudi jioni mkono mtupu, nguo safi, hana hata gamba moja la samaki mwilini, na uso umekunjuka kwa raha. Ananukia upepo wa bahari, sawa, lakini kule pwani kuna nyumba za wageni chungu nzima na zote zina upepo huo huo. Ningekuwa mimi ndiye mke, ningekuwa nimeshamaliza mashtaka zamani.

Basi nikafanya ujinga. Siku moja wakati wa kurudi nikasimama Mapinga kwa muuza samaki, nikanunua kolekole mzuri, nikamtia kwenye ndoo. Mke wangu alifurahi. Akachukua kisu, akakaa uani, akaanza kumpara. Kisu kikagoma. Akambonyeza kwa kidole gumba, akamgonga kwenye jiwe, akalia ko. Akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Huyu umemvulia kwenye friji?"

Tangu hapo nilikuwa nimekwisha. Kabla ya hapo nilikuwa mtu anayetiliwa shaka, sasa nilikuwa mwongo mwenye ushahidi, na ushahidi wenyewe tuliula siku ile na ugali bila kusemeshana. Nikajaribu kumwonyesha picha kwenye simu, mkono wangu na samaki. Akasema, "Nikikuonyesha picha ya Kaaba ndiyo nimehiji?" Nikamwambia basi twende wote, Jumamosi ukae pale mwambani uone. Akasema yeye hakuolewa kuja kuchunga mume ufukweni, mume si mbuzi. Alikuwa na haki yake, lakini siku ile nilimwona mkaidi, nikamwambia hivyo.

Kilichomaliza kila kitu ni ile kadi. Niliisahau kwenye suruali, akaikuta wakati wa kufua. Kadi nzuri ya plastiki, picha yangu, muhuri, na maandishi makubwa. Nilimkuta amekaa kando ya beseni, mikono ina povu, anaisoma taratibu.

"Mvuvi wa burudani," akasoma.

"Hiyo ni lugha ya serikali, mama watoto."

"Serikali imekupa kadi ya burudani?"

"Ndivyo wanavyotuita."

"Na unailipia?"

"Kila mwaka."

Akaiweka juu ya kamba ya kuanikia, akaibana kwa kibanio ikauke. "Wanaume wenzako wanajificha," akasema. "Wewe una kitambulisho."

Kwetu ukisikia burudani unasikia nini? Unasikia spika, unasikia taa za rangi, unasikia wanawake wa kukodi na bia ya baridi. Hakuna mtu Visiga nzima atakayesikia burudani akawaza samaki. Nilimlaani yule wa kwenye kiyoyozi kwa maneno ambayo hayaandikiki.

Kesho yake mke wangu akaaga kwamba anakwenda kumwona baba yake, Masaki. Hii ni Masaki ya Kisarawe, si ile ya mabalozi. Hii ni ya mihogo, mikorosho na magunia ya mkaa. Nikasema nenda salama, unisalimie wazee. Akafunga begi. Halafu akaingia jikoni, akatoka amebeba mbuzi yake ya kukunia nazi, aliyopewa na shangazi yake alipoolewa. Mwanamke anayekwenda kusalimia habebi mbuzi ya nazi. Nilimwangalia akipanda bodaboda na mbuzi ile mapajani, na nikajua kwamba mke wangu ananiacha. Hakugeuka nyuma.

Nilimkosa vibaya sana. Sioni haya kulisema. Nyumba ilikuwa imenyamaza mpaka nikawa nawasha redio nisiisikilize. Nilikula mkate na chai asubuhi, mkate na chai jioni. Jirani aliuliza mama yuko wapi, nikasema kwa baba yake, akasema "aaa" ndefu ambayo ilimaanisha kwamba mtaa mzima unajua. Watoto wetu, ambao wana maisha yao mbali, walinipigia simu mmoja mmoja kunisalimia kwa sauti za watu wanaozungumza na mahabusu.

Halafu akapiga mjomba wake. Kwa watu wa mke wangu mjomba ndiye mwenye neno, baba anasikiliza. Akasema kikao ni Jumapili, nije nisikilizwe, na nikishindwa kujieleza basi mtoto wao watabaki naye. Alisema hivyo hivyo, kavu.

Jumamosi iliyotangulia kikao nilikwenda kuvua. Najua mnavyonifikiria. Nilikwenda kwa hasira: kama mke kanikimbia kwa ajili ya bahari, basi angalau bahari nisiikose. Nikavua, nikarudisha, nikarudi nyumbani nikanywa chai.

Jumapili nikapitia Kisarawe mjini kumchukua shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi na maoni juu ya kila kitu. Tulikaa kwanza dukani kwake. Nikamweleza yote, sera, maboya, kadi. Alinisikiliza huku anatafuna karanga, kisha akakung'uta mikono.

"Shemeji, usiende kwa wazee na hadithi ya samaki. Wataona unawadharau."

"Lakini ndiyo kweli."

"Kweli yake haina njia. Sema ulipotea. Hilo wazee wanalijua, lina utaratibu wake. Unaomba radhi, unatoa mbuzi, tunakula, unamchukua mkeo mnakwenda nyumbani jioni hii hii."

"Nitasema nina mwanamke na sina?"

"Si ndiyo vizuri," akasema. "Hutapata tabu ya kumwacha."

Nilimwona mpuuzi, na nilimwambia ni mpuuzi. Akacheka, akafunga duka, akapanda nyuma ya pikipiki. Tukaiacha lami.

Tulikaa sebuleni kwa baba mkwe, kwenye mikeka. Baba mkwe alikaa karibu na mlango. Mjomba katikati. Shangazi wa mke wangu ukutani, miguu ameinyoosha. Mke wangu kwenye kona, ushungi umefika kwenye nyusi, macho chini. Sikuwa nimemwona muda wote ule. Niliamkia kila mmoja, shikamoo mjomba, shikamoo baba, shikamoo shangazi, wakaitikia marahaba bila kuongeza neno. Mjomba akatoa utaratibu: mume atasema kwanza, mke atasema baada yake, na hakuna kukatizana.

Nikasema kweli. Nilianza mwanzo kabisa, kwa sauti ya kueleweka. Nikaeleza sera ya taifa ya bahari, mazalia ya samaki, maboya, makundi ya wavuvi, na kwa nini serikali inataka samaki warudishwe. Kadri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwenyewe kwamba naongea upuuzi. Nilipomaliza, mjomba akajikuna kidevu.

"Huyo samaki, ndoano inamwingia wapi?"

"Mdomoni, mjomba."

"Inamtoboa?"

"Inamtoboa."

"Kisha unaichomoa, unamwacha aende na kidonda chake."

"Ndiyo."

"Na hujamla."

"Sijamla."

"Na kadi unailipia wewe."

"Nailipia mimi."

Shangazi akatingisha kichwa. "Mimi nimedanganywa na wanaume wengi," akasema, "lakini wote walijitahidi kidogo."

Shemeji alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Ndipo baba mkwe akasema, na tangu ile marahaba alikuwa hajasema kitu. Alisema bila kunitazama.

"Kama huyu anasema uongo, ni mwongo. Kama anasema kweli, basi anatesa kiumbe cha Mungu na njaa hana, kwa kujifurahisha. Mimi afadhali angekuwa na mwanamke. Wa kumtesa samaki asimle, sijui nilimpaje binti yangu."

Hapo niliwadharau wote. Nimwambie nani nini? Niliwatazama walivyokaa pale na uhakika wao, watu ambao hawajawahi kushika mshipi, na nikamdharau kijana wa mifuko, na wa kwenye kiyoyozi, na yule aliyebusu samaki, na mimi mwenyewe nikajidharau kwa kuwaeleza watu hawa mambo ya mazalia. Mnataka mwanamke? Chukueni mwanamke.

"Basi," nikasema. "Nisiwachoshe. Nilipotea. Kulikuwa na mtu huko pwani. Nimekosa, naomba radhi."

Mngeona sebule ilivyopumua. Mjomba akaegemea ukuta, uso umemfunguka. Shangazi akasema, "Alhamdulillahi, si ungesema toka mwanzo, mwanangu," na ile "mwanangu" alikuwa ananiita kwa mara ya kwanza siku ile. Hata baba mkwe aliniangalia, na aliniangalia vizuri, anavyomwangalia mtu mzima mwenzake. Mjomba akauliza kama jambo lenyewe limekwisha. Nikasema limekwisha. Akasema niape. Nikaapa, wallahi, hakuna tena kitu kati yangu na mtu huyo, na nikajiona mjanja, maana kiapo hicho hakikuwa na kosa. Mambo ya mbuzi yakapangwa pale pale, shemeji akiyapanga kwa furaha.

Ndipo mjomba akageuka kwenye kona. "Haya, mama. Zamu yako. Sema lako."

Mke wangu aliinua uso kwa mara ya kwanza. Alinitazama mimi, hakumtazama mjomba.

"Sina la kusema," akasema.

Wakaona ni heshima. Wakaleta wali.

Baada ya kula nilimfuata nyuma ya nyumba. Alikuwa amechutama kwenye banda la jikoni anasugua sufuria kwa majivu. Nilikuwa mwepesi, nimeshiba, nimesamehewa. Nikamwambia haya mama watoto, chukua begi, twende kwetu kabla giza halijaingia. Hakuacha kusugua.

"Jana nilikuja pwani," akasema.

"Pwani wapi?"

"Kwako. Nilimwambia baba naenda mjini. Nikakaa nyuma ya vibanda vya wauza samaki pale ufukweni. Nilikuona."

Nikachuchumaa mbele yake.

"Ulimpata mwekundu, mkubwa. Ukamshika kwa mikono miwili, ukaingia naye majini mpaka magotini, ukawa umemshika tu humo ndani ya maji, unamsubiri. Mwisho akaondoka. Ukabaki umesimama, unaangalia alikokwenda." Akageuza sufuria. "Nilicheka mpaka muuza samaki mmoja akaniuliza nina nini. Nikamwambia mjinga yule ni mume wangu."

Sijui niseme nilijisikiaje. Nilitaka kumkumbatia na majivu yake.

"Nilikuwa nimeshajipanga," akaendelea. "Umalize wewe, kisha nisimame niseme mbele ya baba, mume wangu hajadanganya, nimeona kwa macho yangu. Nilikuwa nasubiri zamu yangu."

"Basi twende ukawaambie. Sasa hivi."

"Niwaambie nini? Umeshaapa."

"Nilidanganya, mke wangu. Kaka yako ndiye aliyenitia ujinga huo. Hakuna mwanamke. Haki ya Mungu hakuna."

"Ndani umeapa yupo, nje unaapa hayupo." Aliiweka sufuria chini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Mtu anajisingizia kuumwa. Anajisingizia msiba, nimewaona. Nani anajisingizia mwanamke mbele ya baba mkwe wake?"

Nikatafuta jibu la swali lile na mpaka leo sijalipata.

"Jana ulikuwa unavua," akasema. "Hiyo nimeiona, siikatai. Jumamosi zote zile nyingine sikuwepo." Akafuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. "Anaitwa nani?"

Ningeweza kusema jina lolote. Dunia imejaa majina. Lakini nilikuwa nimeshachoka na uongo, na nikaamua kwamba kuanzia pale nasema kweli tu.

"Hana jina," nikasema. "Hayupo."

Akainuka, akachukua sufuria yake.

"Mpaka jina unamfichia," akasema, akaingia ndani.